Mizinga Iliyokuwa Njiani mwa Moto

Asubuhi nzima ya siku ya pili ilikwisha kwa ubishi wa filimbi. Nakumbuka vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiutafsiri, na koo lilinikauka. Wamalawi walisema kwao filimbi mbili maana yake ni rudini nyuma. Wazambia wakasema hapana, kwao filimbi mbili ni songeni mbele. Vijana wetu wa zimamoto wakadai wao hawana habari na filimbi, wanaitana kwa redio. Na wale wa Msumbiji, waliotoka kaskazini kabisa mwa nchi yao na waliozungumza Kiswahili chao chenye lafudhi iliyotuchekesha, wakauliza kwa nini watu wasipige kelele tu.

Nilisimama mbele ya ukumbi na kipaza sauti mkononi, nikijiuliza: watu wazima hawa wameacha kazi zao, wamevuka mipaka, wamelala njiani kwenye mabasi, ili waje Dodoma kubishana kuhusu filimbi?

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa subira. Nimezaliwa Dodoma mjini, kwenye ukoo wa wafanyabiashara ambao mababu zao walikuja na misafara, wakachoka kutembea, wakabaki. Kwetu mtu akiongea sana bila kufika kwenye bei, mama yangu humwuliza kama amekuja kununua au kupunga upepo. Nilikuwa mkalimani katika ofisi moja ya serikali, na warsha nilikwisha kuziona za kila aina: za maji, za mbegu, za lishe, za kupanga warsha nyingine. Zote zina chai ya saa nne, sambusa, maazimio na picha ya pamoja, na picha hupigwa kwanza maana wakubwa huwa wana haraka. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba majirani wanakuja kujifunza pamoja nasi namna ya kusaidiana moto wa misitu ukizuka, nilimwuliza bosi wangu, "Moto utazimwa kwa sambusa?"

Akacheka. "Dada, wewe tafsiri tu."

Nikatafsiri. Mwishowe wakakubaliana: filimbi moja ndefu, kila mtu aache alichoshika na arudi nyuma. Nyingine zote marufuku. Ilichukua asubuhi nzima kufikia neno hilo moja, na nikaenda kula nikiwa nimenuna.

Siku iliyofuata tulikuwa Ihumwa, kwenye uwanja wa wazi usio mbali na reli, kwa ajili ya mazoezi ya vitendo. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, ule wakati ambao nyasi zikikanyagwa zinavunjika na midomo inapasuka hata ukipaka mafuta. Wageni walikuwa wakionyeshana vifaa vyao. Mkuu wa kikosi cha Zambia, mtu mrefu, mkimya, mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi, alikuwa ameshika kopo la chuma lenye mdomo mrefu uliopinda. Ndani mna mafuta. Ukiliwasha na kuliinamisha, linadondosha matone ya moto ardhini huku unatembea. Vijana wetu walilitazama kwa mashaka. Mmoja akaniambia, "Dada, mwulize, sisi tumekuja kuzima au kuwasha?"

Nikamwuliza. Mzambia akajibu bila kutabasamu kwamba moto mkubwa hauli mahali palipokwisha kuliwa. Unauchomea chakula chake mbele, ukifika unakuta sahani tupu.

Alikuwa hajamaliza maelezo tulipoona moshi upande wa mashariki, mzito, wa rangi ya kahawia, ukilalia upande mmoja kwa upepo. Baada ya muda mfupi simu ya bosi wangu ikalia. Alikuwa mtendaji wa kijiji kimoja kilicho ndani zaidi ya Buigiri, chini ya vilima. Msitu unawaka tangu asubuhi, alisema, watu wamezidiwa, na upepo unausukuma moto kuelekea kwenye nyumba.

Bosi wangu alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa barua. Akaanza kusema kwamba vijana wetu wataondoka mara moja, ila wageni, kwa kweli, wageni walialikwa kwa mafunzo; akiumia mmoja, nani ataijibu nchi yake? Nikawatafsiria. Mkuu wa Wamalawi, mtu mnene mcheshi ambaye filimbi haikumtoka shingoni hata wakati wa kula, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, tena kwa upole, "Tulikuja kujifunza kusaidiana. Tunasubiri nini?" Na kabla sijafungua kinywa, wale wa Msumbiji walikuwa wamekwisha kupanda lori.

Nami nikapanda. Hakuna aliyeniambia nibaki, na hata angeniambia nisingebaki.

Tulipofika, kijiji kizima kilikuwa nje. Yowe lilikuwa limepigwa asubuhi, na pale yowe likipigwa, kila mwenye miguu hutoka. Asiyetoka huulizwa baadaye. Wanaume walikuwa wamerudi kutoka kilimani nyuso nyeusi kwa masizi, matawi mabichi waliyopigia moto yakiwa yamebaki vijiti. Wanawake walikuwa wakimwagia maji mapaa ya nyasi na kuondoa mabua ya uwele yaliyorundikwa karibu na nyumba. Hata hivyo, tulipokaribia, wazee wakasimama kutusalimu. "Mbukwenyi," wakasema, nasi tukaamkia, na wageni wakaamkia kwa lugha zao, huku moto ukinguruma nyuma ya kilima. Nilitaka kupiga kelele kwamba salamu zingoje. Leo nafurahi kwamba sikupiga.

Mzambia hakungoja sana. Alichukua konzi ya vumbi, akaliachia hewani, akatazama linakoelekea. Kati ya kijiji na kilima palikuwa na njia pana ya mikokoteni ya ng'ombe, mchanga mtupu. Ng'ambo ya njia ile kulikuwa na ukanda wa msitu, nyasi zimefika kiunoni, na baada ya hapo ndipo moto ulipokuwa ukishuka. Akaniambia pale njiani ndipo pa kusimama. Wakiuchoma ukanda ule kuanzia njiani, moto wao utapanda kukutana na mkubwa, na yote miwili itakosa chakula. Kazi ifanyike kabla ya alasiri, maana baada ya hapo upepo utakuwa na nguvu na hakuna atakayeweza kusimama. Nami nikageuka kumtafuta mtendaji nimweleze.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo watu wa pale wasingelifanya. Nilipokuwa namtafuta mtendaji, Mzambia, akiamini kwamba maelezo yanakwenda, aliwasha kopo lake ili alijaribu. Tone la kwanza lilipoanguka tu kwenye majani, wanaume wa kijiji walimrukia. Wawili walimshika mikono, wa tatu akamnyang'anya kopo na kulizimia mchangani, na wengine wakapiga lile tone kwa miguu.

"Huyu anachoma msitu!"

"Tumemkamata anachoma! Mchana kweupe!"

Lazima uelewe kwamba walikuwa na haki. Sheria ya kijiji kile haina mzaha: anayewasha moto porini wakati wa kiangazi hukamatwa na yeyote aliyemwona, hata kama ni ndugu yake, na hutozwa ng'ombe. Kuna ruhusa moja tu. Mtu anaweza kuchoma eneo lake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, majirani wakiwa wamesimama wanaona. Cha mwenzio huchomi, hata kwa nia njema, hata ukiwa mwenyekiti. Na sasa mbele yao alikuwa mtu mgeni kabisa, siku moto unakula kila kitu, anaongeza mwingine.

Nilikimbia, nikapiga kelele kwa Kiswahili, nikapiga kelele kwa Kiingereza, nadhani nilipiga kelele hata kwa Kiarabu cha madrasa. Mzambia alikuwa ametulia kabisa, mikono imeshikwa, akiwatazama waliomshika kwa heshima. Wenzake walisogea, lakini yeye akawatikisia kichwa wakae. Kisha akaniambia polepole, "Waeleze. Wanafanya kazi yao."

Nikaeleza. Mtendaji akafika, akaeleza tena kwa Kigogo. Watu wakaanza kulegea, wakaelewa, wakatazama njia, wakatazama moto. Lakini hakuna aliyemwachia, na nikaona kwamba wote wamegeuka upande mmoja, wanamtazama mtu.

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, amejifunga kitenge kiunoni juu ya suruali ya kiume. Mtendaji akaninong'oneza. Ule ukanda ng'ambo ya njia ni wake, na ndimo ilimo mizinga yake. Alikuwa mwanamke wa kwanza pale kijijini kutundika mizinga. Wanaume walimcheka alipoanza, wakasema mwanamke hapandi mti, akapanda. Alichonga magogo mwenyewe, na miaka yote ile asali ndiyo iliyomlisha na kumsomeshea binti. Kila mzinga alioutundika ulikuwa kwenye ukanda ule, na karibu yote ilikuwa na nyuki.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Huyu anataka kuchoma wapi hasa?"

Nikamwuliza Mzambia. Akajibu, nami nikasikia nilichotakiwa kusema, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilitamani kulainisha maneno ya mtu. Sikulainisha. Nilimwambia mama yule: anasema ukanda ukichomwa, mizinga yako itaungua. Anasema pia usipochomwa itaungua vilevile, lakini na nyumba zitaungua. Anasema ikiwa kuna muda, watashusha mizinga wanayoweza kuifikia. Hawatafika yote.

Nilidhani atalia au atatukana, na angetukana ningemtafsiria mpaka tusi la mwisho.

"Nani anajua nyuki kati yao?" akauliza.

Wale wa Msumbiji walikwisha kunyoosha mikono. Kwao, katika misitu ya kaskazini, kurina asali ni kazi waliyokua nayo, na hawakuhitaji mkalimani. Wakazungumza naye moja kwa moja, Kiswahili chao na Kiswahili chake vikigongana na kupatana, na kabla sijajua kilichoamuliwa walikuwa wamevuka njia, kamba begani. Mama alitangulia. Wale wanaume waliokuwa wamemshika Mzambia walimwachia, wakatazamana, wakawafuata.

Nimesikia mambo mengi mazuri yakisemwa kwenye kumbi. Lile nililiona kwa macho. Mama alipanda mti wa kwanza kwa miguu mitupu, akaziba mdomo wa mzinga kwa matope na kitambaa, akafunga kamba, na chini yake watu wa Msumbiji wakaupokea ule mzigo wa gogo ulionguruma kama mtu mwenye hasira ndani ya sanduku. Vitambaa vilipokwisha, wanawake walichana kanga. Nikatoa mtandio wangu, ambao ulikuwa mpya, na nikaumwa na nyuki shingoni na kwenye sikio, nikapiga mayowe, mzee mmoja akanicheka waziwazi. Vijana wetu walibeba mizinga kuvuka njia, wawiliwawili na wanaume wa kijiji. Wamalawi walikwangua nyasi ukingoni mwa njia kwa majembe ya kuazima. Hakuna aliyekuwa akitoa amri. Mwingine angeshika upande huu wa gogo, akatazama juu, akakuta upande wa pili umeshikwa na mtu ambaye hajawahi kumwona, wakanyanyua.

Moshi ukawa mzito. Sasa moto ulisikika ukipasua matawi, na majivu yalikuwa yakituangukia mabegani. Mama alikuwa juu ya mti mwingine, na mbele yake ilibaki miti mingi yenye mizinga, tuliona yote ikining'inia.

Hapo filimbi ikalia. Moja, ndefu.

Kila mtu akaacha alichoshika, akageuka, akarudi. Mzambia, Mmalawi, kijana wetu, mtu wa kijiji ambaye hakuwepo ukumbini lakini aliwaona wengine, wote kwa pamoja, hakuna aliyeuliza ile maana yake nini kwao. Nilisimama njiani nikiwahesabu kwa macho wanavyotoka moshini, na niliwapenda wote, hata wale walionichosha asubuhi ile ukumbini. Mama ndiye aliyetoka wa mwisho, na mtu mmoja wa Msumbiji amemshika mkono, maana alikuwa hataki kuteremka.

Mzinga aliokuwa akiufunga kamba ulibaki juu.

Zaidi ya nusu ya mizinga yake ilibaki kwenye ukanda ule. Tulisimama njiani sote, tukihema. Mzambia aliokota kopo lake mchangani, akalifuta, akawa amelishika tu. Hakuliwasha. Aliitazama ile mizinga, akamtazama mama, na nikaona kwamba mtu huyu aliyeshughulika na moto maisha yake yote hawezi kuinua mkono. Na watu wa kijiji nao, hata baada ya yote, walimtazama mkono wake. Haikuwa chuki. Cha mwenzio huchomi, ndivyo walivyolelewa, na moto ulikuwa umebakiza mwendo mfupi tu.

Mama alijipangusa uso kwa upindo wa kitenge. Akamwendea Mzambia, akanyoosha mkono.

"Lete."

Hakuhitaji kutafsiriwa. Mzambia akaniangalia, akamwangalia yeye, akampa. Kisha akachuchumaa akamwonyesha: shika hivi, inamisha hivi, usisimame, tembea. Akaliwasha yeye kwa kiberiti, mikono ya mama ikiwa imelishika.

Mama akageuka kwa majirani. "Mmeniona?"

"Tumekuona," wakajibu.

Akatembea. Alitembea ukingoni mwa njia kutoka mwanzo wa ukanda mpaka mwisho wake, taratibu, mgongo umenyooka, matone ya moto yakianguka kwenye nyasi chini ya mizinga yake mwenyewe. Mzambia alitembea pembeni yake hatua kwa hatua, bila kumgusa, akimwonyesha kwa kidole tu wapi ainamishe. Nyuma yao watu wa nchi nne na wa kijiji kimoja walijipanga njiani na matawi, wakipiga kila cheche iliyovuka. Moto ulianza mdogo, ukasita, kisha ukapata njia yake ukapanda. Tuliona mzinga wa kwanza ukishika. Mama hakugeuza uso.

Mioto miwili ilipokutana juu kule, kulikuwa na mngurumo mmoja mkubwa, moshi ukasimama wima, na kisha, sijui niseme vipi, kukawa kimya. Moto ulikuwa umekosa cha kula. Watu walikaa chini pale walipokuwa. Mmoja wa Wamalawi akaanza kucheka, na hakuna aliyemwuliza anacheka nini.

Ardhi ilipopoa kiasi cha kukanyagika, mama alivuka njia, nasi tukamfuata kwa mbali. Alipita mti hadi mti. Mizinga mingine ilikuwa imeanguka, mingine ilibaki juu, myeusi tii. Aliyoifikia aliigonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akangoja, akaenda kwenye mwingine. Hakuna kilichomjibu. Asali ilikuwa imeyeyuka ikatiririka kwenye maganda ya miti, na harufu yake, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri.

Mzambia alikuja akasimama mbele yake, kofia mkononi, macho mekundu kwa moshi. Akaniomba nimwambie kwamba anaomba radhi kwa mizinga yake. Wazo lile lilikuwa lake, alisema, na mzigo wake atakwenda nao nyumbani.

Nikatafsiri. Mama alimtazama kama anayeshangaa mtu amefikiria nini.

"Mwambie asiniombe radhi," akasema. "Yeye hakuchoma mizinga ya mtu. Nimechoma yangu." Akaokota kamba iliyobaki chini ya mti, akaanza kuikunja mkononi. "Na mwambie, kwao moto ukiwaka, waniite."

Nilifungua kinywa nimtafsirie, sauti haikutoka. Mimi ambaye kazi yangu ni maneno ya watu, nilisimama pale nikilia kama mtoto, shingo imevimba kwa nyuki, na Mzambia akiningoja. Ikabidi yule wa Msumbiji amalizie kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, akimwonyesha mama kwa kidole, kisha akionyesha mbali, upande wa mpaka: moto huko, huyu anakuja.